Nafasi Kati ya Trela Mbili

Foleni ya malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, haianzi mahali unapoweza kupanyooshea kidole. Ukija kutoka Amagoro unakuta tu umeshaingia ndani yake: trela nyuma ya trela, turubai la kijivu, tangi la mafuta, kontena lililoshika kutu pembeni, na madereva waliovua viatu wakikaanga vitunguu kivulini mwa magari yao, utadhani barabara kuu inayotoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo ni ua wa nyumba zao. Upande wa pili wa lami, malori yanayorudi bandarini nayo yamesimama. Kati ya safu hizi mbili umebaki ujia, upana wa mabega mawili ya mtu mzima, na ndani ya ujia huo inaingia pikipiki iliyobeba mayai ya Uganda. Trei zimepangwa hadi usawa wa kisogo cha dereva, kila trei mayai 30, zimefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Dereva hatazami lori la kushoto wala la kulia. Macho yake yako mbele kabisa, ujia unapoishia na mwanga unapoanza. Vidole viwili vimelala juu ya breki ya mkono, klachi imeachiwa nusu, mguu wa kulia unaigusa breki ya nyuma bila kuikanyaga, na mwendo wenyewe ni wa mtoto aliyetumwa chumvi na hana hamu ya kwenda. Kioo chake cha kushoto kinapita chini ya kioo cha lori. Mayai yanapita. Hakuna anayepiga makofi, maana hakuna aliyeona ajabu.

Kwenye steji za bodaboda za Busia, mpaka jirani, mtu husifiwa kwa kasi. Huyo anajua kufungua mafuta, watasema. Huyo ukimpa ya Bumala saa hii, hujamaliza soda ameshafika na kurudi. Kasi ni rahisi kuisifu kwa sababu ina kelele na ina upepo. Lakini pikipiki inayokimbia hujisimamia yenyewe kwa sehemu kubwa: magurudumu yakishashika mwendo huitafuta wima yenyewe, na dereva hubaki akiielekeza tu. Pikipiki inayokwenda polepole haina msaada huo. Kila nusu hatua inataka kulala, mara kushoto, mara kulia, na kinachoizuia ni mtu aliye juu yake, kiuno chake, klachi yake, subira yake. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Waliosema hivyo walikuwa wakitembea kwa miguu. Kwenye magurudumu mawili, tena na gunia la mahindi nyuma, mwenda pole ndiye wa kwanza kujikwaa kama hajaiva. Ndiyo maana nikitaka kujua dereva wa kunibeba simwangalii akikimbia. Namwangalia akigeuza pikipiki penye watu wengi, nione kama mguu wake utashuka chini.

Kwamba ustadi wa namna hii uonekane hapa, mpakani, si jambo la kushangaza. Kazi yenyewe ya bodaboda ilizaliwa kwenye nafasi. Miaka ya 1960 na 1970, msafiri aliyeshuka basi upande wa Kenya alikuta kati ya lango la nchi hii na lango la nchi ile kuna kipande cha ardhi ambacho basi halikivuki bila makaratasi, na ambacho ni kirefu mno kwa mtu mwenye mzigo kichwani. Vijana wakachukua baiskeli nyeusi, wakafunga mto wa sponji juu ya keria, wakaanza kuita wateja: boda, boda. Bei ya kahawa ilipopaa duniani mwaka 1976 na 1977, magunia ya Uganda yalivushwa kwa magendo hadi soko la Chepkube, upande wa Bungoma, na waliopita njia za panya usiku wakiwa na mzigo mzito kuliko wao walijifunza usawa ambao hakuna shule iliyoufundisha. Busia nako, watu wenye ulemavu wa miguu walijipatia riziki kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, wakivusha bidhaa huku maofisa wa forodha wakiwalegezea kamba. Ukitaka kumwona mtu anayejua mzigo wake unaelemea upande gani, mtazame mmoja wao akishuka mteremko. Kisha serikali ya Kenya ikaondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, mwaka 2008, na pedali zikaanza kurithiwa na injini. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakazindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri hukaguliwa na nchi zote mbili chini ya paa moja. Kile kipande cha ardhi kati ya malango kikapungua maana. Watoto wake wameenea mbali, na bado wanaishi kwa kutafuta nafasi.

Iko nafasi moja ndogo kuliko zote, isiyo na afisa wala muhuri: ile iliyo kati ya jicho kuona na mkono kutenda. Mtu mwepesi, aliyelala vizuri, asiye na simu sikioni, huhitaji karibu sekunde moja kuivuka. Katika sekunde hiyo pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa imekula karibu mita 17, urefu wa lori pamoja na trela lake, kabla breki haijaguswa. Ukiongeza mwendo maradufu, umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki maradufu. Unakuwa mara nne. Mbuzi wa Adungosi hajui hesabu hii, na mtoto anayekimbiza tairi kando ya lami hajui, kwa hiyo inabidi aijue aliye juu ya tangi. Harry Hurt, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, pamoja na wenzake walichunguza ajali za pikipiki zipatazo 900 mjini Los Angeles na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Waliona kwamba dereva kwa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde mbili tangu hatari kujitokeza hadi kugongana. Waliona wengi walikanyaga breki ya nyuma hadi gurudumu likaburuzwa, na ile ya mbele wakaiacha bila kuitumia vya kutosha. Waliona pia kwamba zaidi ya asilimia 90 walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Ningeambiwa utafiti huo ulifanyika steji ya Marachi, ningekubali bila kuuliza swali.

Breki ya mbele ina jina baya mpakani. Kijana akikabidhiwa pikipiki kwa mara ya kwanza, onyo la kwanza analopewa ni hilo: usiishike ya mbele, itakurusha. Wapo wanaoilegeza waya kabisa isije ikawashawishi. Na onyo halikutungwa hewani. Kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua ya alasiri, kwenye kokoto, kwenye dizeli iliyomwagika pale malori yanapokata kona, breki ya mbele ikibanwa ghafla huku usukani umepinda inakulaza kabla hujasema mama. Lakini lami ikiwa kavu na pikipiki imesimama wima, mambo hugeuka. Ukipunguza mwendo, uzito mwingi hukimbilia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani na kupata nguvu ya kushika, la nyuma linakuwa jepesi kama mgeni anayetaka kuaga. Mkono wa kulia, ule unaoogopwa, ndio wenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Siri iko katika namna ya kuubana. Wanaojua hawanyakui. Huanza kwa kugusa, shoki za mbele zizame taratibu na tairi lijue kwamba kazi inakuja, kisha huongeza, na kuongeza, wakiwa tayari kuachia. Abiria akiwa nyuma, breki ya nyuma nayo hupata haki yake, kwa kuwa uzito wa abiria unalipa gurudumu hilo kitu cha kushikilia. Haya yote hujifunzwa na mkono katika uwanja mtupu, kwa kurudia, tangu mwendo wa kutembea. Anayetaka kuyajifunza siku trela inapomkatia njia mbele ya geti la Alupe amechelewa.

Macho ni kisa kingine. Barabara zinazoingia mpakani zimechimbwa na uzito wa malori. Lami imebonyea mahali magurudumu yanapopita na kuinuka katikati, na pembezoni imemegeka. Mgeni wa barabara huliona shimo, akalikodolea macho, akaomba Mungu, akaingia ndani yake. Pikipiki humfuata anayeiendesha kule anakotazama. Shimo unaloling'ang'ania kwa macho ndilo unalolipata. Mwenyeji huliona shimo mara moja, akaliacha, akapeleka macho kwenye ukanda wa lami nzima ulio pembeni yake, na pikipiki ikaenda huko. Hata kona za uwanja wa mbio hazidai zaidi ya hilo: mwendo upunguzwe kabla ya kona pikipiki ikiwa bado wima, kichwa kigeuke kuitafuta njia ya kutokea, kisha mafuta yarudishwe kidogokidogo. Mtu akiingia kona kwa kasi na kushtuka katikati, kila anachotamani kufanya wakati huo kinamharibia: anataka kubana breki, anataka kukaza mikono, anataka kuutazama mtaro.

Ajabu ni kwamba wanaofanya vizuri mara nyingi hawawezi kusema wanafanya nini. Wilbur Wright, kabla yeye na ndugu yake hawajaruka na ndege mwaka 1903, alikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, na aliwauliza waendesha baiskeli wengi hukata vipi kona ya kushoto. Hakumpata hata mmoja aliyejibu sawasawa mara ya kwanza. Watu husema wanageuza usukani kushoto. Ukweli ni kwamba mkono wa kushoto kwanza husukuma mbele kidogo sana, gurudumu hukwepea kulia kwa muda mfupi, chombo kizima huinama kushoto, na hapo ndipo kona hukatwa. Mwili umelijua hilo tangu utotoni na mdomo hauna habari. Nilimuuliza dereva mmoja wa Malaba, mtu mzima mwenye mvi kidogo, anapitaje kati ya trela bila kugusa. Mtu mwenye miwani huitwa mwalimu huku, hata kama hajawahi kushika chaki. "Unapita tu, mwalimu," aliniambia, akanitazama kwa huruma kidogo. Halafu, baada ya kufikiri: "Ukifikiria mabega yako, umekwama." Nimesoma vitabu vya ufundi visivyofikia sentensi hiyo.

Watu wa mbio nao wana nafasi zao. Katika Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mashindano ya TT yalianza mwaka 1907, na njia yake ya sasa, takriban kilomita 60, ni barabara za watu kwenda kazini na sokoni, zinazofungwa kwa muda ili zikimbiwe. Waendeshaji hawaachiliwi kwa mkupuo. Huondoka mmoja mmoja, sekunde 10 kati ya huyu na yule. Huchukua miaka kuikariri njia: ukuta huu, mti ule, mfuniko wa mtaro unaoteleza mvua ikinyesha. Mwanaboda wa barabara ya Busia kwenda Malaba ana ramani ya namna hiyo kichwani. Anajua, usiku usio na taa hata moja, kwamba baada ya kanisa kuna tuta lisilopakwa rangi na baada ya tuta kuna mchanga uliosombwa na maji. Kinachomtofautisha na yule wa kisiwani ni kwamba hana anayemfungia barabara. Karibu zaidi nasi, Waganda wana viwanja vya motokrosi Garuga, njia ya Entebbe, na Busiika, kaskazini mwa Kampala, na familia ya Blick imetoa mabingwa baba na mwana. Nairobi wana Jamhuri Park. Watoto huanza huko na pikipiki za cc 50, wamevaa ngao kifuani na magotini, na kazi yao kubwa ya miezi ya kwanza ni kuanguka kwenye udongo laini. Wanafundishwa kusimama juu ya vikanyagio penye mabonde, magoti yakilibana tangi, mikono ikiwa legevu ili pikipiki icheze chini yao bila kuwatupa. Ni maarifa yaleyale anayoyahitaji mtu anayeleta omena kutoka Sio Port kwa barabara ya vumbi, isipokuwa huyu wa omena hajaambiwa na mtu.

Tuna msemo wetu unaotupoza roho: ajali haina kinga. Tunausema wodini, tunausema matangani, na mwenzake ni ule wa chombo cha kuzama hakina usukani. Siwezi kumnyima mfiwa faraja yake. Lakini mwenye mayai hauamini. Mwenye mayai hufunga tyubu mara mbili, hukagua upepo wa matairi, hulivuka tuta kwa mshazari, kwa sababu anajua kila yai lililovunjika lina bei na atalipishwa. Abiria hajafungwa kwa tyubu. Sheria ya Kenya inataka abiria mmoja tu, helmeti mbili, na jaketi za kung'aa kwa wote wawili. Ukisimama dakika tano Korinda utaona helmeti ya dereva ikiwa imening'inia kiwikoni, ikisubiri kuvaliwa polisi wakionekana. Leseni nayo ina daraja lake, A3, ya pikipiki za abiria, na mwanafunzi wa udereva katika nchi hii bado huagizwa kusogeza vigari vidogo juu ya ubao uliochorwa mji. Sina ugomvi na ubao. Unafundisha nani apite kwanza kwenye mzunguko. Haufundishi mkono kubana breki.

Methali ambayo ningependa iandikwe kwenye kila madigadi ni nyingine: usisafirie nyota ya mwenzio. Utawaona jioni, jua la magharibi likiwa usoni mwa kila anayeelekea Busia, vijana watatu wamefuatana wakilipita lori. Wa kwanza ameiona nafasi kwa macho yake na ameipata. Wa pili ameiona nusu. Wa tatu hakuona nafasi yoyote. Ameona taa nyekundu ya rafiki yake na kuiamini. Nafasi ya barabarani haikopeshwi. Ilikuwa wazi kwa yule, na wakati huyu anapofika, lori la upande wa pili limeshafika pia. Waliobobea kwenye viwanja vya mbio huwaambia wanafunzi wao jambo hilohilo kwa maneno makavu zaidi, kwamba kila mtu aendeshe mwendo wake, na hata wao hulisahau bendera ikishashushwa.

Sisi abiria tuna sehemu yetu katika ufundi huu na hatuitaki. Mama anayevuka na vitenge vyake huketi vizuri kuliko wengi wetu: hushika, hunyamaza, huinama pikipiki inapoinama. Msomi ndiye anayejikaza kona inapokuja, akaegemea upande wa pili kujiokoa, na hivyo kumwongezea dereva kazi. Mara nyingi tunaagiza haraka kwa sauti kubwa na usalama kwa sauti ya ndani. "Ssebo, nikimbize, basi linaondoka," tunasema, halafu tukifika tunashukuru Mungu badala ya breki.

Kinachobaki kunisumbua ni suala la mafuta. Mtoto wa Garuga ana mzazi anayelipia lita zinazoteketea bila kwenda popote. Hiyo ndiyo maana ya mazoezi, kuchoma mafuta bila kufika. Kijana wa Malaba amekabidhiwa pikipiki ya mtu, na jioni mwenye pikipiki anataka pesa yake, kwa hiyo kila tone lazima limbebe mteja. Mazoezi yake anayafanya nasi tukiwa mgongoni. Vyama vya bodaboda mpakani vinajua kuchanga. Mwenzao akilazwa watachanga, akifa watafunga barabara kwa msafara na kununua jeneza kabla jua halijatua. Bado sijakiona chama kinachochanga mafuta ya mazoezi. Viwanja vya shule viko wazi Jumapili mchana, mawe ya kuzunguka yapo, wazee wa kazi wenye mvi kidogo wapo na wengi wangekubali kusimama hapo kwa chai na mandazi. Kwa gia ya kwanza, lita moja inatosha mchana mzima.